Papa Amisi wa Kalima, mwanaume aliyezalisha bibi yangu akiwa amefungwa macho

Wakuu, jambo zenu toka Kindu.

Leo naleta kisa cha nyumba yangu mwenyewe. Sikusimuliwa na muntu. Nilikuwapo.

Nimeona humu vijana wanabishana kwamba mwanaume kuzalisha wanawake, kazi ya ukunga, ni aibu. Mmoja ameandika ati ni mambo ya kisasa. Ya kisasa! Kaa chini nikuambie.

Kwanza munijue. Masomo niliachia darasa la tatu la primaire, shule ya msingi. Nilianza kwa kusukuma baiskeli ya chumvi na sabuni toka Kindu mpaka Kalima, matope mpaka kiunoni. Leo niko na duka langu mtaa wa Kasuku na mali yangu inapanda treni. Hakuna muntu alinishika mkono. Kwa hiyo mimi siyo muntu wa kushangaa ovyo.

Hili lilinishangaza, na mpaka leo sijamaliza kushangaa.

Ilikuwa wakati wa vita. Risasi zilianza kulia mjini, tukavuka mto Lualaba na mtumbwi, tukaingia pori ya upande wa Alunguli. Familia nyingi. Bibi yangu Zaina (kwetu bibi ni mke, musichanganye na nyanya) alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshuka tayari.

Uchungu ukamshika asubuhi moja, mvua imetoka tu kukatika.

Mama mukwe wangu alikuwa naye. Yule mama alikuwa amepokea watoto wengi wa mtaa wetu, hakuwa na wasiwasi. Akafunga kitenge kiwe pazia. Upande mmoja akafunga ku mti. Mti wa pili ulikuwa mbali, basi mimi njo (yaani ndiye) nikawa mti wa pili. Nilisimama nimeshika pembe ya kitenge, uso nimegeuza.

Kisha nikasikia mama mukwe anaita Mungu. Mwanamke yule hakuwa wa kushtuka.

Kilichotoka hakikuwa kichwa. Kilikuwa muguu.

Katika wakimbizi mulikuwa na mzee mmoja wa Kalima, Papa Amisi. Tulijua tu alikuwa anfirmie, muuguzi, wa zamani kule migodini. Aliposikia ni muguu akaja, akakaa chini upande wangu wa pazia, mgongo ameupa kitenge.

"Mama, unaona muguu moja ao mbili?"

"Nani anauliza?"

"Amisi."

"Amisi, weye mwanaume, unajua uchungu gani?"

"Uchungu siujui, mama. Muguu naujua. Usiuvute!"

Akamwelekeza hivyo, yeye anasema huku, mama anafanya kule. Lakini mikono ya mama ilikuwa haijawahi kukutana na mtoto wa namna ile, na Zaina alikuwa anaishiwa nguvu. Sauti yake ilikuwa inakuwa ndogo. Mimi nilijua nakaribia kuchimba makaburi mawili kwa jembe la kuazima.

Papa Amisi akasema anapaswa kuingia. Mama mukwe akakataa. Sisi ni Waislamu wa mji, kuona haya kwetu siyo mchezo. Mwanaume wa nje hataona uchi wa binti yake, hata kama ni vita.

Mzee hakubishana. Alisema tu: "Basi nifunge macho. Kazi ya macho hapa ni ndogo. Ya mikono njo kubwa."

Zaina akajibu mwenyewe toka chini: "Mama, mufunge aingie, mie nakufa!"

Mama mukwe akavua kilemba chake cha kichwa, akamfunga mzee macho, akakaza mpaka mzee akaguna. Akamshika mkono, akamwingiza kama kipofu.

Wakuu, hapo niligeuza uso nikamwangalia mzee. Mikono ile ilikuwa inasikiliza. Sina neno lingine. Alitafuta muguu wa pili akaupata. Alimwambia Zaina asisukume mpaka amwambie. Aliuacha mwili ushuke wenyewe, polepole, kisha akaulaza juu ya mkono wake, vidole ku mashavu ya mutoto, akaleta kichwa.

Mutoto akatoka. Kimya.

Sasa fahamuni. Askari hawakuwa mbali. Siku zote tulikuwa tunaziba watoto vinywa wasilie. Pori nzima iliogopa kilio, na wakati ule pori nzima iliomba kilio kimoja.

Mama mukwe akamrukia Papa Amisi, akararua kile kilemba machoni. "Angalia! Angalia mutoto! Haya itakuja kesho!"

Mzee akafuta kinywa cha mutoto, akampulizia pumzi kidogo kidogo, kama muntu anawasha moto wa majani mabichi.

Mutoto akalia. Hakuna aliyemziba.

Baadaye, tukiwa bado porini, nilimuuliza alijifunzia wapi. Akanieleza kwamba zamani za Wabelgiji, kule Kalima, wasichana wachache sana walipelekwa masomoni. Kampuni ya madini ikachukua vijana wanaume, ikawafundisha kuzalisha. Mjomba wake alikuwa mmoja wao. Wanawake walimfukuza na maji ya vyombo, wanaume wakamwita Papa Mama. Wengine walimkubali kwa sharti afanye kazi chini ya shuka, bila kuona. Njo mikono yake ikajifunza kuona, na akamrithisha Amisi.

Kwa hiyo, kijana wa "mambo ya kisasa", wewe pengine babu yako alipokelewa na mwanaume.

Papa Amisi alibaki Kindu baada ya vita. Aliendelea kuzalisha mpaka uzee ukamshinda. Na mama mukwe, mpaka anakufa, alikuwa anamtania njiani: "Shemeji kipofu, unaona wapi unakanyaga?"

Mwaka huu tumemzika Papa Amisi. Wanaume walikuwa wengi mpaka jeneza lilipita juu ya vichwa, na wengi wa waliolibeba, yeye njo aliwabeba kwanza.

Kaburini wakatafuta wa kushuka kumpokea. Mtoto wangu akavua viatu akashuka. Yule yule aliyetanguliza muguu. Sasa ni mwanaume wa ndevu.

Wakamteremsha mzee, amefungwa sanda yote, macho pia. Nikaona mtoto wangu ananyoosha mikono, anaweka kiganja chini ya kichwa, anakilaza polepole. Hakuna aliyemfundisha.

Nilichojifunza ni kifupi: haya ni kitu kizuri, lakini ijue kungoja nje wakati muntu anakufa.

Wewe unayesoma, mikono ya nani ilikupokea? Kama mama yako bado iko, muulize leo. Kisha uje hapa chini uandike jina.