Picha ya Wingu na Omena ya Dani

Nakumbuka, na hata saa naikumbuka: Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa pili, saa saba na dakika arobaini mchana. Niliangalia saa ya ukutani kwa sababu nilikuwa nimejificha, na mtu aliyejificha huhesabu dakika.

Mwanangu, bado sijakuzaa. Na kama mama yangu ataliona daftari hili kabla yako, namwomba akae chini apumue: sina haraka yoyote. Nina miaka kumi na tisa, niko mwaka wa kwanza chuoni hapa Kisumu, nasomea ugavi. Ninakuandikia kama mzee kwa sababu Dani, yaani nyanya yangu mimi, aliniambia kwamba mtu akishaharibu kitu cha mwenzake na akakubali kwa kinywa chake, uzee umeshamwanza. Basi mimi umenianza. Keti nikueleze.

Siku hiyo nilikuwa naikimbia foleni ya chakula. Mimi ni mtu wa haya. Shuleni mwalimu akiniuliza swali, jibu nilikuwa nalo, lakini lilikwama kooni kama mwiba wa samaki. Foleni ya chuo ni ndefu na kila mtu anakutazama unavyoshika sahani, kwa hiyo saa ya chakula nilitafuta mahali pasipo na watu. Nikasukuma mlango wa ukumbi ulio karibu na maktaba, nikaingia.

Kutoka darini zilining'inia neti za kuanikia omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Neti kuukuu, ishirini au zaidi, zimeshonwa kwa uzi mwekundu pale zilipopasuka. Mwanga wa madirishani ulipita ndani yake ukaangusha vivuli sakafuni, hata ukitembea unaona kama uko chini ya maji. Ukutani kulikuwa na picha za mikono. Mikono tu, mikubwa kama mlango. Vijana wawili walikuwa wamesimama hapo wakila mandazi.

"Hii ndiyo sanaa?" akauliza mmoja. "Si hata kwetu ziko, na hakuna mtu huja kuziangalia."

"Basi nyanya yako ni msanii," mwenzake akamwambia. "Mwambie alete kuku zake pia, ziwe maonyesho."

Wakacheka, nami nikacheka kimoyomoyo. Halafu wakaenda zao, na mimi miguu ikakataa kwenda. Neti kama hizo nimezikunja tangu nikiwa na miaka sita, mwanangu. Nimezifua, nimezishona, nimelala juu yake. Na siku zote hizo sikuwahi kuziangalia hata mara moja.

Mwalimu wa klabu ya picha, Madam Risper, alinikuta hapo kipindi cha mchana kikiwa kimeshaanza. Sijui alikuwa amesimama nyuma yangu kwa muda gani. Akaniuliza, "Unaona nini?"

Mimi nisiyejibu maswali nikamjibu: "Hilo fundo la pale si la mvuvi. Limefungwa na mama anayeanika. Wavuvi hawafungi hivyo."

Alinitazama, akatabasamu, na Jumatatu yake akaniita ofisini akanikabidhi kamera ya klabu, ya zamani, mkanda wake umeshonwa kwa mkono. Nikae nayo wiki mbili. Sharti lilikuwa moja: nirudi na picha moja itakayotundikwa ukutani katika ukumbi ule, na siku ya maonyesho nisimame kando yake niwaeleze watu. Picha yenyewe haikunitisha. Kusimama huko ndiko kulikonikosesha hamu ya kula siku mbili.

Lakini nilikuwa nimeshapenda. Nilipiga picha mafuta yakichemka kwa mama wa samosa, viatu mlangoni pa kanisa, kivuli cha kamba ya nguo. Mwenzangu wa chumbani, msichana wa Muhoroni mwenye mdomo mtamu, alisema, "Awuor, hata sufuria yangu siku hizi inachana nywele kabla uamke uipige picha." Nilipiga picha mia mbili na zaidi, na hakuna hata moja iliyonifanya nisimame kama nilivyosimama chini ya zile neti. Nikajua picha yangu iko nyumbani, Luanda Kotieno, kando ya ziwa. Alhamisi nikaenda.

Dani amekuwa akianika omena pale ufukweni tangu mama yangu akiwa mtoto wa mgongoni. Mashua zinaingia alfajiri, ananunua omena mbichi, anatandaza kwenye neti, na jua likiwa zuri, jioni imekauka inachakarisha mkononi. Omena ya Dani haina mchanga na haijawahi kunyeshewa. Ndiyo maana mwanamke mmoja wa soko la Awasi huja mwenyewe kila Jumamosi kuichukua, safari yote hiyo, na huwa hata hafungui gunia kuangalia. Tunamwita Mama Awasi. Jina la Dani liko katika gunia hilo ambalo halifunguliwi.

Ijumaa mchana Dani alikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa. Akafunga kitambaa chake cheupe, akaniachia neti tatu zimejaa, akanipa maneno ambayo nimeyasikia maisha yangu yote.

"Wingu likisimama upande wa Mbita, kule ng'ambo, usingoje likusalimie. Kunja neti katikati, funika na turubai, weka mawe. Umesikia?"

"Nimesikia, Dani."

Nami kweli nilisikia. Dalili ya mvua ni mawingu. Methali hiyo niliieleza kwenye mtihani nikapata alama zote. Ufukweni ikanishinda.

Wingu lilisimama saa tisa hivi. Mwanangu, natamani ungeliona. Lilikuwa jeusi juu, lakini chini yake kulibaki mwanya, na jua likapita katika ule mwanya likaja chini chini juu ya maji mpaka kwenye neti zangu. Omena zote zikawaka. Kila moja, na jicho lake dogo, ikawa fedha, na nyuma yake lile jeusi linakuja. Nikalala kifudifudi kwenye mchanga. Nikapiga. Nikasogea, nikapiga. Nilijua, hakuna mtu aliyeniambia, nilijua kabisa mwilini kwamba hii ndiyo.

Neti ya jirani ni ya Mama Atis, rafiki ya Dani, mwanamke mwenye sauti inayofika ng'ambo ya ziwa. Alikuwa anakunja zake mbio mbio huku akiita, "We Awuor! Omena! Omena!"

Nikainua mkono mmoja hewani bila kumwangalia, nikapaza sauti: "Ngoja kidogo, Mama!"

Mimi. Nilimwambia mtu mzima angoje. Mimi ambaye hata chumvi mezani huwa siombi. Ujasiri nilioutafuta miaka kumi na tisa ulikuja siku hiyo, ukaingia kwa mlango usio wake.

Tone la kwanza liliniangukia shingoni. Nikaificha kamera ndani ya nguo, nikakimbilia turubai, Mama Atis naye akaja kunisaidia, lakini mvua ya huku haijui kubisha hodi. Tulipoweka jiwe la mwisho, tulikuwa tunafunika maji.

Dani alirudi kitambaa cheupe kikiwa kimelowa na kumshika kichwani. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliinua turubai, akaingiza mkono, akakamata omena, akaifinya, akainusa.

"Hii sasa ni ya kuku," akasema.

"Nimemuita mpaka sauti ikakauka!" Mama Atis akamwambia. "Unajua ameniambia nini? Ati ningoje!"

"Awuor? Amekuambia ungoje?"

"Kwa sauti kubwa!"

Nikaona mdomo wa Dani unatetemeka, kama mtu anayetaka kucheka msibani. Hakucheka. Akaniambia nibebe karai, tukaingia nyumbani.

Nilikuwa nimeshaamua. Nilimwambia nitairudisha kamera Jumatatu na sitaishika tena, nitasoma ugavi wangu na kunyamaza. Mshika mbili moja humponyoka, nikasema, na machozi yakanitoka. Dani akajifuta uso taratibu, akanyoosha mkono.

"Lete nione hiyo kitu imekushinda kuacha."

Nikamwonyesha. Aliishika mbali na macho, kama anavyoshika Biblia akikosa miwani. Nikambonyezea picha moja, ya pili, ya tatu. Kwenye ile ya wingu akanizuia kidole.

"Hii ni hapa?"

"Ni hapa, Dani."

Nje maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mabati.

"Miaka yote nimeinama hapo," akasema, "na sikujua kunakaa hivi." Kisha akaiweka kamera mapajani, akanigeukia. "Sasa sikiza, nyathina, mtoto wangu. Macho yako ni mazuri. Nyasaye Mungu amekupa, sitayapinga. Lakini omena haikuwa yako. Ungekunja neti kwanza, wingu lingekungoja?"

"Halingengoja."

"Ungekosa picha. Basi ukose! Wingu itakuja ingine. Mama Awasi akiniambia sasa nifungue gunia aangalie, hiyo ndiyo hairudi." Akavuta pumzi. "Na usinitishe na habari ya kurudisha kamera. Ukirudisha, omena yangu itakuwa imeharibika ya bure. Hiyo ndiyo nitakasirika kabisa. Utaishika mpaka ujue kuishika. Na kesho Mama Awasi akija, wewe ndiye utamwambia. Si mimi."

"Dani, mimi siwezi kuongea na watu."

"Umemwambia Mama Atis angoje, kwa mvua. Unaweza."

Mwanangu, nikalibeba karai, nikaenda kuwamwagia kuku.

Maonyesho yalifika. Picha ya wingu iko ukutani katika ule ukumbi, na chini yake niliandika mwenyewe: Omena ya Dani, Luanda Kotieno. Ilinyeshewa nikiangalia. Nilisimama kando yake tangu asubuhi hadi saa kumi, nikaongea na watu kumi na mmoja, na wale vijana wa mandazi walikuwemo. Mmoja aliniuliza kama ni kweli ilinyeshewa. Nikamweleza yote, hata ya kuku. Hakucheka. Alisema atakwenda kumwangalia nyanya yake akianika. Madam Risper ameniandika katika klabu rasmi, na ugavi bado nausoma. Nimegundua vyote viwili vinataka mtu anayejua kitu kiko wapi na ni cha nani.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na usiipime kwa umri wangu. Siku utakayopenda kitu, iwe ni rangi, ni picha, ni kushona, ni kompyuta za wakati wako, kipende bila kuomba msamaha. Watakuuliza kitakufaa nini, wewe endelea. Usidhani uzuri unaishi mbali kwa watu wakubwa, maana huenda umelala juu yake tangu ukiwa na miaka sita. Lakini kabla ya kuinua jicho, angalia mkono wako umeshika kazi ya nani. Imalize kwanza, au mwite mwenyewe aje. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usitupe ulichokipenda ukadhani umelipa kosa. Nenda kwa uliyemkosea, kwa miguu yako, useme. Kosa moja haliachi mke, wala halimwachishi nyanya mjukuu.

Nyasaye akupe macho yanayoona na mikono isiyolala. Wazee wakuachie neti zao bila wasiwasi. Na mvua ikukute umeshafunika.

Sasa utauliza, kwani nakujua utakuwa kama mimi, nilimwambiaje Mama Awasi asubuhi ile?

Niliamka kabla ya Dani. Nilienda ufukweni, nikabeba omena mbichi kutoka mashuani, nikaitandaza mwenyewe neti ya kwanza hadi ya tatu. Jua lilikuwa limeshapanda Mama Awasi alipokuja na gunia lake tupu begani, mwanamke mpana, anacheka kabla hajafika. Dani akakaa kwenye kigoda, akaangalia ziwa. Nikatembea kumlaki. Mwiba ukapanda kooni, nikaumeza.

"Mama, leo hakuna omena yako. Ilinyeshewa. Dani aliniachia mimi, na mimi nilikuwa napiga picha."

Kicheko kikakatika. "Picha? Ya nani?"

"Ya wingu."

"Ya wingu! Nimetoka Awasi, mimi mwanamke na miguu yangu mbaya, wewe unapiga wingu?" Akatua gunia chini, akashika kiuno, akanitazama mpaka nikahisi masikio yanaungua. Sikuangalia chini. Akamtazama Dani, Dani bado anaangalia ziwa. Akanirudia. "Haya. Hiyo kamera iko wapi? Nipige na mimi nikiwa na hasira hivi, ili siku ingine ukiona wingu unikumbuke."

Nilinawa mikono kwanza. Nikampiga picha moja, amekunja uso, gunia tupu miguuni, neti zangu nyuma yake. Moja tu. Kisha nikairudisha kamera kwenye begi, nikafunga zipu, nikainama kugeuza omena upande wa pili.