Mkono Waliouunda Wasichana wa Karakana

Mastura binti Uweso alikuwa mwanamke pekee aliyeshika spana katika karakana ya shamba moja la mkonge jirani na Kigombe. Miaka ya uhaba, vipuri vilipoadimika, ndiye aliyevichonga kwa tupa, na korona, mashine ya kusaga majani ya mkonge, ikaendelea kunguruma. Mwaka 1993 korona hiyo ilimnasa Dorkasi, mlishaji wa majani, ikamkata mkono wa kulia.

Wiki tatu baadaye binti wa Dorkasi, Praxeda, msichana wa miaka kumi na mitatu, alisimama mlangoni pa karakana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Usiku halali. Hivi ile mashine haiwezi kulishwa bila mkono wa mtu?"

Swali lilimwasha Mastura kama utomvu wa mkonge. Jumamosi akamwita pamoja na Khairat, mtoto wa jirani, akamwaga chini mota za redio kaseti, spoki za baiskeli na nyaya kuukuu.

"Haya, tuuunde huo mkono."

Walihangaika miezi saba. Waliungua vidole, waligombana, walifumua na kuanza upya. Siku mkono ulipojikunja, ukabana jani na kulitua pembeni, Khairat alipiga kigelegele. Praxeda aliuwekea jani jingine.

Meneja alipoonyeshwa, alicheka.

"Bibi fundi, huu ukiharibika nitafute vipuri. Mtu akiharibika, wapo kumi getini."

Mwaka uliofuata shamba likatangazwa kuuzwa. Vyuma vya karakana vilipakiwa kwenye lori kama chakavu, mkono ule ukiwamo. Ernesti, babake Praxeda, akahamisha familia kufuata kibarua upande wa Muheza.

Ilimchukua Mastura mwaka mzima kumpata Praxeda. Alimkuta kwenye korona ya shamba jingine, akilisha majani.

"Twende kwangu, ukasome ufundi."

"Mama hana mkono, baba kifua kimemlaza. Nikiondoka watakula nini?"

Mastura akamsihi msimamizi ampeleke msichana karakana.

"Karakana si mahali pa wanawake."

"Mimi nimekaa humo miaka kumi na tisa."

Msimamizi akampa mgongo.

Basi akarudi kwa Praxeda, akamwonyesha swichi ya kuzimia korona ukutani.

"Mtu akinaswa, usimvute. Kimbilia hapa kwanza."

"Najua, mama. Nimeshakimbilia mara mbili."

Kengele ikalia, na Praxeda akainamia majani.