Vitabu vya Mvua

Nina duka la steshenari mjini Babati, karibu na stendi. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, nawawekea watu vyeti vyao plastiki ya kudumu. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo, hukumu ya talaka, vyote hulala kwenye kioo kilekile, mwanga unapita, namwita anayefuata. Mume wangu husema nina roho ya mashine. Huwa simbishii, kwa sababu hata mimi nimewahi kujitafuta humo ndani nisikute kitu.

Mwaka huu, mavuno ya mbaazi yakianza, aliingia dada mmoja mwenye miwani na viatu vilivyojaa vumbi, akaomba kopi ishirini za fomu ya kukabidhi nyaraka. Nilimuuliza nyaraka gani, maana fomu hiyo sijawahi kuiona. Akanieleza kwamba anafanya kazi kwenye hifadhi ya nyaraka ya chuo kikuu, na kwamba anazunguka kwenye nyumba ambamo watafiti waliwahi kufanya kazi, kukusanya walichoacha kabla mchwa hawajakimaliza.

"Unamfahamu mzee wa kijiji cha Singe aliyekuwa anapima mvua?" akaniuliza.

"Anapima bado," nikamwambia. "Ni baba yangu."

Alifurahi hadi nikaona aibu. Akanivuta nje hadi kwenye gari la chuo akafungua mlango wa nyuma. Kulikuwa na kaseti za nyimbo zilizorekodiwa huko juu Mbulu, na ramani ya mashamba iliyochorwa kwa penseli, kila nyumba kiduara. Kulikuwa na majani ya miti yaliyokaushwa na kubanwa ndani ya magazeti ya zamani, vifuko vya udongo vyenye namba, rejista ya shule iliyoliwa pembeni, na furushi la madodoso ambamo akina mama wa kijiji cha Mutuka walikuwa wamejibu wanapika nini na wanachota maji wapi. Alivishika kama mtu anayepanga mayai kwenye trei.

"Vyote hivi vina kazi?" nikauliza.

"Hatujui bado, ndiyo maana tunavitunza." Halafu akaongeza, "Lakini tarakimu za mzee tunajua. Watu wamepima mvua mwaka mmoja, miwili, wakachoka. Yeye hakuchoka. Hizo watafiti watazitegemea."

Nilijibu kwamba nitampeleka kwake jioni hiyohiyo. Palepale nilikuwa nimeshajua ukurasa utakaoniumbua.

Baba alipewa kipimo cha mvua na mtafiti wa chuo kabla sijazaliwa. Ni mkebe wa bati juu ya nguzo fupi, una faneli ndani na chupa ya kupimia yenye mistari. Mtafiti alikuja miaka michache kuchukua tarakimu, kisha hakuja tena. Baba hakuambiwa aache, basi hakuacha. Daftari za chuo zilipoisha alinunua kaunta buku, akazichora mistari kwa rula: tarehe, milimita, maoni. Kwenye safu ya maoni hakuandika kitu hata siku moja. Alisema mvua haina maoni.

Kila siku saa tatu asubuhi alikwenda kwenye mkebe, iwe kiangazi au masika, na kuandika mvua ya tangu jana kwenye mstari wa jana. Mimi, mtoto wake wa pekee, alinifundisha nikiwa darasa la tatu. "Usiache mstari mtupu, mama," alikuwa akiniambia. Huniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. "Sifuri maana yake umetazama, hukukuta kitu. Mtupu maana yake hukutazama."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu mama alipolazwa. Baba alilala hospitalini kwenye mkeka chini ya kitanda chake, na kitabu akaniachia mimi. Mwaka huo masika yaligoma. Mahindi yalijikunja shambani, mimi nikaandika sifuri, sifuri, sifuri, na katikati vijimvua viwili vitatu visivyolowesha hata shingo. Nilikuwa mwaminifu kuliko karani wa mahakama.

Mama akafa. Walimrudisha Singe, wakamzika nyuma ya nyumba, na vumbi lilitimka kila koleo lilipoingia. Sikulia. Shangazi mmoja alinifinya mkono ili nilie, nikamtazama tu mpaka akaniachia. Nakumbuka nilihesabu vifungo vya kanzu ya mchungaji. Kwetu mvua ikinyesha siku ya maziko, watu husema marehemu amepokelewa. Mama mmoja aliyesimama mbele yangu akamwambia mwenzake, bila hata kunong'ona, "Hata tone moja? Huyu naye alikuwa na lake."

Kesho yake saa tatu nilikwenda kwenye mkebe. Chupa ilikuwa kavu, ina inzi mmoja. Nikaingia ndani, nikafungua kitabu, na kwenye mstari wa siku ya maziko nikaandika kumi na mbili nukta nne. Ile nukta nne niliiongeza kwa makusudi, maana nilikwishajua kwamba uongo mzuri lazima uwe na nukta. Baada ya hapo sikuhisi kitu. Nilikwenda kuosha vyombo vya msiba.

Baba aliporudi kwenye kitabu chake hakusema neno. Mwisho wa mwezi alijumlisha kama kawaida, akaandika jumla chini kwa kalamu nyekundu. Nilidhani hakuona. Mtu aliyefiwa na mke, nilijiambia, ataona nini?

Siku za mwizi ni arobaini. Mimi nilipewa miaka ishirini na nane. Baba sasa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, mimi ndiye ninayepita asubuhi kabla ya kufungua duka kumpimia. Alimsikiliza dada wa chuo akiwa ameshika fimbo yake katikati ya magoti. Alikubali kuvitoa vitabu, kwa masharti mawili: kopi zibaki nyumbani, na kila kitabu asomewe kabla hakijaondoka.

"Vyote, mzee?" dada akauliza.

"Kitu hakitoki hapa bila kusomwa," Baba akasema. "Kama kuna kosa, ni langu. Sitaki liende chuo kikuu likaitwa mvua."

Nilivibeba dukani kwa bodaboda, kumi kumi, kuvitolea kopi. Kitabu kile nilikiacha cha mwisho. Kwenye rafu nyuma yangu kulikuwa na chupa za wino mweupe wa kufutia makosa, nawauzia wanafunzi kila siku. Nikachukua moja. Nilipanga kufuta kumi na mbili nukta nne, kuandika sifuri, na kurekebisha jumla ya chini ili ilingane. Sikuwa na woga wala huzuni. Nilikuwa na kazi ya kumaliza kabla wateja wa mchana hawajaingia, na jina la Baba la kulinda, maana zaidi ya hayo makaunta buku na ekari mbili hana kitu kingine duniani.

Nikachukua kikokotoo, nikajumlisha mwezi ule bila uongo wangu ili nijue jumla mpya. Nikatazama ile nyekundu ya Baba. Zililingana. Nikafuta kwenye kikokotoo, nikaanza upya polepole, mstari kwa mstari. Zikalingana tena.

Alikuwa hakuihesabu. Aliuacha mstari wangu ulivyo, akajumlisha siku nyingine zote, akaiacha ile moja. Nikafunga chupa ya wino nikairudisha kwenye rafu. Mteja akaja na cheti cha ndoa, nikamtolea kopi ya upande usio na maandishi.

Tulisoma siku sita, mchana, kwenye kibaraza. Baba alisikiliza kichwa kimeinama, mara nyingine ananikatiza: hapo ndipo daraja lilipoondoka, hapo ng'ombe mwekundu alizaa. Siku ya sita dada alikuwa ameshafika kuchukua shehena, anapanga maboksi kwenye gari lililoegeshwa getini. Kilibaki kitabu kimoja.

Nilisoma masika yale yaliyogoma. Sifuri, sifuri. Nilipofika siku ya maziko nilisoma kilichoandikwa.

"Kumi na mbili nukta nne."

"Endelea," Baba akasema.

"Baba, mvua haikunyesha siku ile."

"Najua. Nilikuwepo."

"Mbona hukunichapa? Mbona hukufuta?"

Alikuwa anasugua mpini wa fimbo kwa kidole gumba.

"Watu walikuja kunishtaki," akasema. "Shangazi zako. Kwamba mtoto huyu halii, ana roho ngumu, kamzika mama yake kama anazika kuku. Nikawaambia mwacheni. Wao walitazama macho yako tu. Mimi nilikuwa nimeona kitabu."

Nilikaa na kitabu mapajani. Miaka yote hiyo nilijitangazia sifuri, na sikumbuki kama nilitazama hata mara moja.

"Wenzetu wa chuo wana haki yao, lakini," Baba akaendelea, kwa sauti yake ya kazi. "Chukua kalamu. Safu ya maoni ipo?"

"Ipo. Tupu."

"Andika. Siku hii mvua haikunyesha."

Nikaandika. Mwandiko wangu wa sasa ulikaa pembeni ya ule wa zamani, wa mviringo, uliokuwa bado unaweka duara juu ya herufi i.

"Andika: mama wa nyumba hii alizikwa."

Nikaandika.

Akatafuta neno. Kiswahili chake ni cha kujifunzia ukubwani, hukipima kabla ya kukimwaga.

"Andika: mtoto alitaka inyeshe."

Nikaandika na hilo, nikaweka nukta. Dada wa chuo alikuwa amesimama chini ya kibaraza akisubiri, boksi la mwisho mikononi, mfuniko uko wazi. Aliuliza kwa upole kama tumemaliza. Nikamwambia bado kidogo.

"Nisomee sasa," Baba akasema.

Mstari wa kwanza niliusoma vizuri. Wa pili nao niliusoma. Wa tatu nilifungua mdomo, sauti ikagoma. Nikajaribu tena, nikaona maandishi yanaogelea, nikainua kitabu haraka ili kisilowe.

Baba aligeuza uso upande niliko.

"Taratibu, mama," akasema. "Hakiondoki kabla hujamaliza."