Surua Iliyotoka Darasa la Tatu

Darasa letu lilinuka masweta mabichi. Ilikuwa masika ya 2013, huko vijijini Kasulu. Tulikaa wanne wanne kwenye dawati la watu wawili, madirisha yamezibwa kwa magunia ili baridi isiingie, na kikombe cha uji kilikuwa kimoja kwa dawati zima. Jirani yangu aliitwa Editha. Jumatatu moja mama yake alimleta akiwa na macho mekundu, anakohoa, vipele vimeanza nyuma ya masikio, akaomba ruhusa amrudishe nyumbani. Mwalimu mkuu hakumgusa hata paji la uso.

"Wakaguzi wanakuja Alhamisi, mama. Nataka madarasa yajae."

"Mwalimu, mtoto anaungua."

"Kama miguu imemfikisha hapa, akakae darasani. Asiyekuja namwandika mtoro."

Basi Editha alikaa, kaniegemea begani, siku nne nzima, tukipokezana kikombe. Wakaguzi walikuja, wakahesabu vichwa, wakasifu mahudhurio, wakaondoka. Hazikupita wiki mbili, nusu ya darasa tulikuwa kitandani. Mimi niliugua nikapona. Lakini nyumbani nililala kitanda kimoja na mama na mdogo wangu Furaha, wa miezi sita, ambaye hakuwa amefikisha umri wa kuchanjwa surua. Yeye ilimwingia masikioni. Usaha ulitoka kwa majuma, dawa za zahanati zikaisha, homa ikashuka, tukadhani amepona. Siku moja mama aliangusha sufuria nyuma yake na mtoto hakugeuka. Akaiokota, akaiangusha tena, na tena, kisha akakaa chini. Hakunilaumu. Nilijilaumu mwenyewe, miaka mingi, kwa kosa la mtu mzima.

Siku hizi shule ileile ina ndoo za maji na sabuni mlangoni, na mtoto mwenye vipele hurudishwa kwao bila maneno. Kumbe iliwezekana. Mwaka jana nilimkuta yule mwalimu sokoni Kasulu, amestaafu, anachagua maharage. Alinitambua, akasimama akingoja nimwamkie. Nikamwambia kuwa mdogo wangu hasikii tangu surua ile.

"Watoto walikuwa wengi," alisema. "Ningewakumbuka wote?"

Akaendelea kuningoja, mkono wake juu ya maharage. Nilimtazama mpaka akainamisha macho, nikaondoka. Shikamoo sikumpa.