Nyoka wa Kwenye Hita

Juzi, kabla ya kupanda kwenye baridi ya Ngorongoro, tulipitia gereji ya Karatu na gari kuukuu la rafiki yangu. Hita ilipuliza joto kiooni tu, miguu ikaganda, na chini ya dashibodi kitu kilikuwa kikilia "sss."

Mzee mfugaji tuliyempa lifti alikunja miguu kitini, rungu mkononi. "Humo mna nyoka."

Fundi akapapasa humo, akaziba tundu kwa kidole. Sauti ikakoma, joto likashuka miguuni.

"Umemshika kichwa?"

"Ni mpira wa kupitisha hewa umepasuka, mzee. Injini huvuta hewa humu ili kufungua njia ya joto kwenda miguuni."

"Sawa. Usimwachie."

Mpira ukabadilishwa. Sisi wasomi tulicheka sana, ila safari ilipoanza hakuna abiria aliyeshusha miguu kabla ya mzee.