Mbwa Aliyeitwa Meneja

Mwezi uliopita nilikwenda Mikumi kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, nikafikia nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Mwenye nyumba alikuwa na mbwa. Mfupi, kifua kipana, kichwa kizito, na mdomo ambao ukifunguka utadhani anacheka. Mwanangu akapekua simu yake, akaniambia mbwa wa namna hiyo wana jina refu la Kiingereza, Stafodshaya bul teria. Nikamjibu kwamba sisi wetu tulimwita Meneja, na kwamba nilimfundisha mimi. Hakuamini, kwa hiyo ngoja nikusimulie wewe.

Nilizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge, mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka Magomeni. Usinielewe vibaya, si Magomeni ya Dar es Salaam, ni hii yetu ya Kilosa. Baba alikuwa mkataji. Mkonge ukisagwa unanuka, sitaki kukudanganya, lakini ukizaliwa ndani ya harufu ile huisikii. Miaka michache baada ya Azimio serikali ikalichukua shamba, na meneja, Mzungu mmoja mwenye miguu myekundu, akarudi kwao. Mbwa wake alimwachia mlinzi. Mlinzi naye akapata kazi reli, akaondoka.

Baba alimkuta mbwa barazani kwenye ile nyumba tupu ya Mzungu, bado yuko kwenye mnyororo. Mbavu zinahesabika, shingo imechunika. Akamfunga kamba ya mkonge, akamleta nyumbani. Watu wa kambi wakacheka: "Meneja amehamia kwa wakataji!" Jina likamganda.

Kwetu mwenye kauli alikuwa bibi, mama yake baba. Sisi ni Waislamu, na kwetu mate ya mbwa ni najisi. Yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo, ndipo uswali. Na maji yenyewe tulichota mbali. Bibi alimtazama mbwa, akamtazama baba.

"Kumwacha kiumbe afe njaa ni dhambi," alisema. "Lakini akinigusa mara moja tu, anarudi ulikomtoa. Kila nilipo mimi, yeye akae hatua tatu."

Kisha akanigeukia. Nilikuwa na miaka tisa. "Mke mwenzangu, kazi hiyo ni yako."

Baba alidhani ameleta mlinzi, kumbe ameleta mdekaji. Meneja hakuwa na habari ya kung'ata mtu. Alichotaka ni kukuegemea miguuni mpaka uyumbe, na kukulamba. Mbuzi wa jirani walimlalia mgongoni. Sasa mbwa wa namna hiyo umkataze kumgusa mtu, na akikosea mara moja tu ndiyo basi, mnyororo na ile baraza. Nilikuwa silali vizuri kwa kuwaza.

Silaha yangu ilikuwa ukoko wa ugali. Kila asubuhi kabla ya shule nilijitanda kanga kuukuu ya bibi, nikakaa kwenye kigoda chake, nikakohoa kama yeye. Meneja akisogea, nainuka naondoka na ukoko wangu. Akibaki hatua tatu, anapata. Sikumpiga hata siku moja, maana baba aliniambia mbwa ukimpiga atakumbuka fimbo, somo atalisahau. Tulianza wakati wa kupanda mahindi, tukamaliza wakati wa kuvuna. Katikati hapo siku moja alimwendea bibi anatia udhu, ulimi nje. Nikamrukia, tukaanguka wote juu ya birika. Bibi akaokota birika, akaenda kuchota maji mengine.

Lakini mwishowe Meneja alijua, bwana. Bibi akienda kisimani, Meneja nyuma, hatua tatu. Bibi akisimama kusalimiana, na shikamoo za kwetu hazina haraka, Meneja anakaa chini anangoja. Wanawake wakimtania, "Mama, leo unasimamiwa na Meneja mwenyewe?" anajibu, "Ananisimamia, lakini kazi hajui." Shambani aliwafukuza ngedere hadi bibi akakosa la kulalamikia. Nikaona pia kwamba ukoko wa chungu chetu umekuwa mnene. Bibi akasingizia kuni.

Halafu ikaja operesheni ya vijiji. Tukaambiwa kambi inavunjwa, tunahamia kijiji kipya upande wa Tindiga. Lori likaja asubuhi, likajaa vitanda, kuku, vinu na watu. Mama alikuwa mjamzito, akakaa mbele. Dereva akasema mbwa hapandi na watoto wa watu. Majirani wakamuunga mkono, na siwalaumu.

"Tumfunge kwenye ile baraza," baba akasema. "Nitamrudia kesho kutwa."

Bibi alikuwa amekwisha kuweka mguu mmoja kwenye lori. Akaushusha. "Maneno hayo huyu alishaambiwa na mtu mwingine," alisema. "Nendeni. Mimi na mke mwenzangu tutakuja kwa miguu."

Tulitembea tangu asubuhi katikati ya mkonge, kisha mashamba ya mpunga yaliyokauka. Jua la Oktoba unalijua. Adhuhuri tukaona mkuyu karibu na kijito, tukakaa kivulini, tukala muhogo wa kuchemsha. Kilikuwa kivuli kidogo. Tulikula, tukanywa, bibi akanyoosha miguu. Mimi ndiye niliyegeuka.

Meneja alikuwa amelala juani. Kivuli kilikwisha hatua mbili kutoka kwa bibi, na yeye alikuwa kwenye ya tatu. Povu mdomoni, mbavu zinakwenda mbio, macho yanapinduka. Nikamwita. Akamtazama bibi, akabaki palepale. Nikamwita tena, nikalia. Bibi akainuka, naye mbwa akajaribu kuinuka amfuate kama alivyozoea, miguu ikamkataa.

"Mjukuu wangu," bibi akasema, "tumemfundisha nini huyu mnyama?"

Akaenda kijitoni mbio, mzee yule. Akaloweka kanga ya kichwani, akaja kumfunika Meneja mwili mzima. Akapiga magoti, akampakata kichwa, akamnywesha kwa kiganja. Meneja akamlamba mkono hadi kwenye kiwiko. Mimi nikazidi kulia, kwa sababu amemgusa, na nilijua sharti. "Acha kulia, shika miguu," bibi akaniambia. Tukambeba hadi kivulini.

Alipotulia, bibi aliteremka kijitoni akaosha mikono na kanga zake, mara moja kwa udongo, akanitaka nimhesabie kwa sauti mpaka saba. Akaswali adhuhuri akiwa ameloa chapachapa, imebaki kidogo alasiri iingie. Habari ya kumrudisha mbwa haikutajwa tena.

Kambi ile leo ni pori. Kijiji kipya kimekuwa mji, kina bodaboda na taa. Meneja aliishi nasi miaka mingine minne, bibi akamfuata baadaye sana. Somo nililompa msimu mmoja, kumsahaulisha tulishindwa kabisa. Nilijaribu kwa ukoko, kwa dagaa, hata kwa nyama ya Idi. Bibi mwenyewe alimwita, "Sogea, baba, sogea." Alitikisa mkia, akabaki hatua tatu.

Basi bibi akaacha kukaa kivulini. Mchana alikitoa kigoda chake nje, akakipima kwa macho, akakaa juani, ili hatua ya tatu iangukie kwenye kivuli.