Aproni ya Pindo

Mdogo wangu aliitwa Pindo kwa sababu ya kazi yake. Watu walileta suruali kutoka mitaa ya mbali ili yeye tu ndiye azikunje chini, maana pindo lake halikuonyesha uzi wala halikufumuka mpaka nguo yenyewe ichakae. Tangu tuolewe tumekaa mtaa mmoja, mlango wangu ukitazamana na wake. Haya ninayoandika mengi nimeyaona kwa macho yangu, na ambayo sikuyaona alinisimulia mwenyewe tukichambua mchele.

Mumewe, shemeji yangu, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaa ulimwita Cheche. Nondo za madirisha na mageti ya mtaa wetu, karibu yote ni kazi ya mkono wake. Nyumba yake mwenyewe ndiyo ilibaki uchi. Siku kiharusi kilipomwangusha, nondo za dirisha la chumba chao cha kulala zilikuwa zimeegemezwa ukutani uani, nusu zimeungwa, nusu bado. Mganga hajigangi.

Upande wake wa kulia ukafa. Maneno nayo yakamtoka yote, likabaki moja: bado. Umeshiba? Bado. Umelala vizuri? Bado. Muuza mkaa, rafiki yake wa siku nyingi, alikuwa akija kumsalimia na kumwambia kwamba hata Mungu akimwita atajibiwa bado, mpaka achoke aite mwingine. Shemeji alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Pindo alimlisha, akamwogesha, akamgeuza ubavu huu na huu, kisha akarudi kwenye cherehani yake chumba cha mbele. Maisha yakaenda hivyo na hakuna aliyemsikia akilalamika.

Ndipo wakaja wezi wa mchana.

Hawa hawakungoja giza. Walikuja watu wakishaenda kazini, wamevaa kofia ngumu na kubeba ngazi, ukiwaona utadhani mafundi wa umeme. Waliingia kwa mwalimu mstaafu, ukuta kwa ukuta na Pindo, wakamfunga kwa waya wa pasi yake mwenyewe na kumpiga mpaka jicho likaziba. Mzee wa watu alipiga yowe mpaka sauti ikakauka. Mtaa ulisikia. Mimi siku ile nilikuwa hospitali kufuata dawa za presha, lakini Pindo alisikia, akachungulia, akaona nyuso za majirani madirishani, kila mmoja ameshika nondo za Cheche kwa mikono miwili kama mfungwa. Hakutoka mtu. Nakumbuka zamani mtu akipiga yowe, wanaume walitoka hata na taulo kiunoni na povu la sabuni masikioni. Siku hizi kitu kinachofungua milango ya mtaa wetu mchana ni filimbi ya mzoa taka na mkokoteni wake tu, kwa sababu ukimkosa huyo utalala na uvundo wako.

Habari za mwalimu zikamfikia mtoto wao, anayefanya kazi mji mwingine na kukaa ghorofani. Akapiga simu. Alimwambia mama yake, kwa heshima lakini bila kuzunguka, kwamba baba hawezi kukaa nyumba isiyo na ulinzi. Kwake kuna kitanda kimoja cha ziada, cha baba. Mama atahamia kwangu mimi, ng'ambo ya barabara. Alisema hatalazimisha kwa sasa, ila likitokea lolote nyumbani pale, hata dogo, atakuja na gari.

Pindo aliweka simu chini, akaniangalia. Alikuwa hajawahi kulala mbali na yule mwanamume tangu aolewe, isipokuwa siku za uzazi.

"Dada," akaniambia, "wakimpeleka kule atakufa, na mimi nitakufa huku kwako nikikupikia chai."

Majirani walimpa ushauri wa bure. Wote walimwambia wakija akimbie kwa mlango wa nyuma, mali hutafutwa. Yeye aliwauliza swali moja tu: na huyu nimwachie nani? Walikohoa, wakaangalia viatu vyao.

Basi akajitengenezea aproni. Tahadhari kabla ya hatari, kasema. Aliikata kwenye kitambaa kizito cha kaki, ya kufunga nyuma kwa kamba pana, ikiwa na mifuko mbele. Kwa kuwa alijua mtu akiingiwa na hofu macho huacha kuona, kila mfuko aliushona kwa kitambaa chake, mkono ujue bila kuuliza. Mfuko wa jinzi ulikuwa wa nyundo ya mumewe, ile ya mpini mfupi. Wa turubai, tochi na ufunguo wa mlango wa nyuma. Wa pamba laini, dawa za mzee na bendeji. Mfuko wa satini, juu kabisa karibu na shingo, ulikuwa wa filimbi ambayo mtoto wao alipewa alipokuwa kiongozi wa michezo shuleni. Na wa mahameli ulikuwa wa chupa ya kunyunyizia, ile wanayotumia mafundi kulowesha nguo kabla ya pasi. Alikuwa nazo mbili. Moja akaiacha na maji yake. Ya pili akaijaza maji aliyolowekea pilipili kali iliyosagwa, akayachuja kwa kitambaa mpaka yakawa meupe yasizibe tundu.

Alijifunza kwa kunifanya mimi niwe mwizi. Nilikuwa naingia mlangoni, yeye amefumba macho, natamka kitu na mkono wake unaenda. Nyundo. Tochi. Chupa. Mkono haukukosea hata mara moja. Shemeji alitutazama kutoka kitandani kama mtu aliyepelekwa mpirani. Nikimuuliza kama mkewe yuko tayari kwa vita, alijibu lile neno lake. Muuza mkaa alipoisikia harufu ya pilipili mwilini mwa Pindo akasema wahenga walituambia kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakusema ukishone mwenyewe. Tulicheka siku hiyo. Sikumbuki kama tulicheka tena kwa muda mrefu.

Maana kosa lililotokea ni la fundi cherehani tu. Mteja mmoja alikuwa amekaa barazani anangoja suruali yake ya kwenda usaili. Pindo, mawazo yako mbali, akanyoosha mkono kwenye meza ya pasi, na hapo mezani alikuwa amezilaza chupa zote mbili alipokuwa akibadilisha maji. Akanyunyizia suruali, akakandamiza pasi ya moto. Mvuke uliopanda haukuwa wa maji. Nyumba nzima ikawa pilipili. Mteja alirukia barabarani anakohoa, viatu vimebaki. Na Pindo akajikuta barazani, machozi yanatiririka, amejishika magoti, anamwomba radhi mteja huku anakohoa na kucheka pamoja.

Kisha akasikia kikohozi cha tatu, ndani.

Alirudi kwa kutambaa. Shemeji alikuwa amegeuzia uso ukutani, ndiko tu alikoweza, kifua kinapiga kama mvukuto, na katikati ya kikohozi anajaribu kusema neno lake halitoki zima. Pindo alifungua dirisha, akamwosha uso kwa maziwa, akamkumbatia mpaka pumzi ikarudi.

Kesho yake ndipo aliponiambia. Hakulia. Alikuwa anachambua mchele na kuzitupa chuya na mchele pamoja.

"Sikuamua kukimbia, dada. Miguu ilinitangulia. Nilikuwa nje kabla sijamkumbuka."

Nilimwambia moshi ni moshi, hata ng'ombe hukimbia. Akasema wezi nao ni moshi.

Tangu siku ile mdogo wangu hakuwa yule. Aliita vijana wa muuza mkaa wakahamisha cherehani ndani ya chumba cha kulala, akaiweka kati ya kitanda na mlango, barabara kabisa, kiasi kwamba kutoka mle ni mpaka uisukume ile meza ya chuma. Nilimuuliza anazuia nini, wezi au hewa. Akasema anazuia miguu yake. Wateja wakawa wanazunguka uani na kuongea naye kupitia dirishani, juu ya kichwa cha mgonjwa. Aproni hakuivua tena, ale nayo, apike nayo, asali nayo. Usiku alikuwa akiamka kupapasa mifuko kama mama anayepapasa mtoto. Akakonda. Halafu ukaja ubaya ambao kwangu ulitisha kuliko wezi: mwanamke mmoja alirudisha gauni lake, pindo limefumuka. Pindo aliligeuza na kuligeuza, akasema hii si kazi yangu. Ilikuwa yake.

Na mtoto alikuwa anapiga simu kila mara. Kuko salama, mama? Kuko salama, mwanangu. Ya pilipili hakumwambia, na mimi alinikataza kwa jicho.

Walikuja asubuhi moja, jua limeshapanda, barabara tupu. Pindo alisikia hodi ya fundi umeme mlango wa mbele. Akanyamaza. Akasikia ngazi ikiegemezwa ukuta wa uani, akasikia watu wakidondoka ndani. Mlango wa nyuma ukapigwa teke la kwanza. Na hapo hapo dirisha la chumba, lile la uani lisilo na nondo, likasukumwa, mguu wenye buti ukaingia juu ya kichwa cha mumewe.

Aliniambia mkono ulikwenda kwenye mahameli wenyewe. Ulipoishika chupa ukakataa kutoka. Akinyunyizia dirishani, pilipili itamshukia mgonjwa, na safari hii pumzi huenda isirudi. Nyundo akaishika, ikamtoka kwa jasho. Basi akafanya kilichobaki. Akajilaza juu ya mumewe, akamfunika kichwa kwa kifua chake, akaitia filimbi mdomoni na kupuliza.

Mimi nilikuwa jikoni kwangu. Nilisikia filimbi, nikasema leo huyu kijana kawahi, nikachukua ndoo ya taka na kutoka mbio. Na si mimi peke yangu. Mtaa mzima ulifunguka. Komeo zililia, mageti yakagongana, mke wa muuza mkaa na karai la majivu, mwalimu mstaafu na mfuko wake wa maganda, akina mama wa nyumba za chini wanaitana wasiachwe, "Mngojeshe, mngojeshe hapo!" Vishindo vya ndala vilijaa barabarani. Tukafika katikati ya barabara na ndoo zetu, hakuna mkokoteni. Filimbi bado inalia, na inatoka kwa Pindo.

Wale ndani hawakujua tumefuata nini. Walichosikia ni mageti yote ya mtaa uliokuwa hautoki hata ukichinjwa, na sauti za watu wakija. Mguu wa dirishani ukachomoka, buti moja likabaki kitandani. Wa mlangoni akapiga kelele kumwita mwenzake. Hawakupata hata nafasi ya kutafuta ngazi yao, iliyobaki nje. Walipanda zile nondo za Cheche zilizoegemezwa uani, zikawa ngazi yao, wakaruka ukuta na kupotelea mtaa wa nyuma.

Niliweka ndoo chini. Tuliingia mimi na muuza mkaa kwa mlango wa nyuma uliovunjwa, tukaisukuma cherehani. Pindo alikuwa bado anapuliza. Mashavu yamevimba, macho yamefumba, hatusikii. Nililazimika kumtoa filimbi katikati ya meno kama unavyomtoa mtoto kidonge alichookota. Chini yake shemeji alikuwa mzima, uso mwekundu kwa kubanwa, na mkono wake mmoja ulio hai umezishika kamba za aproni mgongoni kwa mkewe, amezisokota kiganjani mara mbili. Tulishindwa kuufungua ule mkono. Ilibidi tungoje mpaka mwenyewe alipoachia.

Nje watu walisimama kidogo, wakasema Mungu mkubwa, kisha wakarudi na taka zao. Mmoja alinung'unika kwamba filimbi ya mzoa taka si ya kuchezea. Nilimsikia, na jina lake ninalo.

Mtoto alifika na gari kabla ya siku kuisha. Alizunguka nyumba, akagusa mlango uliovunjika, akaliona lile buti. Akafungua begi na kuanza kukunja nguo za baba yake, taratibu, kama mtu anayekunja sanda. Pindo alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, aproni mwilini. Hakubisha.

Mtoto, bila kugeuka, akamuuliza, "Mama, wangeingia humu chumbani ungefanya nini?"

"Waliingia, mwanangu," akasema Pindo. "Walinikuta."

Yule kijana alisimama na shati mkononi. Alimtazama baba yake. Baba yake alimtazama. Nilidhani atasema neno lake, lakini alinyoosha tu ule mkono mmoja na kulishika shati lake, akalivuta. Walivutana kidogo, baba na mwana. Kisha mtoto akaachia, akakaa chini sakafuni, akaficha uso.

Gari liliondoka bila mgonjwa. Kabla ya kuondoka mtoto alileta fundi wa kuchomelea amalizie zile nondo. Kijana wa watu alitaabika. Kila alipounga kiungo na kuchungulia ndani kuuliza kama iko sawa, Cheche alimjibu bado. Akakwangua, akaunga upya. Bado. Mwisho muuza mkaa akamvuta pembeni akamweleza, la sivyo angekuwa anaunga mpaka leo.

Sasa dirisha lao lina nondo kama la wengine, na cherehani imerudi chumba cha mbele. Mapindo yamerudi kuwa mapindo. Lakini mzoa taka akipuliza filimbi yake, Pindo huacha nguo sindanoni, huingia chumbani, husimama kati ya kitanda na mlango, mkono kwenye mfuko wa satini, mpaka mkokoteni upite. Nimemweleza, mumewe amemshika mkono, haisaidii. Taka zake zinabaki jikoni. Kwa hiyo filimbi ikilia mimi hutoka na ndoo yangu, navuka barabara, nachukua na ya kwake.